Kofi la Kipindi cha Tano

Pua ya mwenzetu ilivunjwa kwa sufuria saa saba mchana, na ndani ya sufuria hiyo mchezo wa redio ulikuwa bado unaendelea. Sufuria ilipoanguka, simu ilichomoka ikateleza chini ya kitanda. Kutoka huko mwigizaji aliendelea kumtukana mkewe huku damu ikidondoka kwenye vigae. Aliyepiga alikuwa mpishi msaidizi wa hoteli moja kule Marina, Mtanzania mpole ambaye kwa miaka mitatu sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Aliyepigwa alikuwa mlinzi na Mkenya, kama mimi.

Tulikuwa sita katika chumba kimoja mtaa wa Discovery Gardens, huku Uarabuni. Sisi watatu siku yetu ya kupumzika ilikuwa Jumanne, na kwa joto la Agosti hatukuwa na pa kwenda. Tulijifungia tukasikiliza michezo ya zamani ya redio. Kuna fundi sauti mstaafu aliyehamishia kanda zake mtandaoni. Michezo maarufu ambayo kila mtu huitaja hakuihangaikia. Aliweka ile iliyosahauliwa hata na waliokuwa wakiisubiri kila wiki. Simu tuliitumbukiza ndani ya sufuria ili sauti ipate uzito.

Watu wa rika langu huikumbuka redio ya zamani kwa salamu na taarabu. Mimi nilisikia mifupa ikivunjika. Katika mchezo mmoja mlinzi wa reli huua wenzake kwa nyundo, kila kipindi mtu mmoja. Katika mwingine ndugu wawili wanakatana mapanga kwa sababu ya mpaka wa shamba, na mama yao anahesabu mapigo kwa sauti. Chini ya kila mchezo fundi alikuwa ameandika siri za kazi yake: kisu kikizama ni kabichi, mfupa ukivunjika ni muwa mkavu, ngumi ni ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa. Sisi walinzi tulisikiliza kama tunavyokagua kamera kazini. Tulirudisha nyuma, tukataja dakika, tukabishana kama huu ni muwa au kuni. Mimi niliandika matokeo daftarini.

Mchezo wa mwisho ulimhusu mwenye bucha anayemshuku mkewe. Dakika ya pili, mpishi aliinuka kitandani kwake juu.

"Huyo ni mama," alisema.

"Mama ya nani, Mbongo?" mlinzi akauliza.

"Wangu. Na huyo mwenye bucha ni baba."

"Wacha! Kumbe tunaishi na mtoto wa mastaa, na bado anatupikia ugali mbichi?"

Tulicheka wote, mpishi akatuzidi. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, na tangu hapo hakuwa amesikia sauti yake. Kipindi cha kwanza alikirudia mara tatu. Alituambia pia kwamba baba yake yu mgonjwa, amebaki peke yake, na kila wiki humpigia kumwomba aje amuuguze. Likizo ilikuwa imeshakubaliwa. Angesafiri Jumapili ya wiki iliyofuata.

Jumanne iliyofuata tulifika kipindi cha tano. Mwenye bucha anafunga mlango. Linasikika kofi, kisha kitu kizito kinaangukia meza. Mwanamke anapiga yowe, halafu anasema kwa sauti ya chini, karibu bila kuigiza, "Sikio langu." Anarudia mara mbili. Mwenye bucha anaendelea na maneno yake kana kwamba hakusikia.

Mlinzi alishika shavu, akalegeza macho na kubana sauti: "Sikio langu! Uwii, sikio langu!" Ndipo mpishi alipoteremka.

Tulizuia damu kwa taulo. Kesi ya kupigana hapa huishia jela, kisha ndege ya kurudishwa kwenu, na sote tulilijua hilo bila kuambizana. Kliniki walipouliza, mlinzi alijibu kwamba aliteleza bafuni. Tulipotoka nje alimwambia mpishi, "Khalas, yameisha, nimeanguka bafuni. Lakini hilo bafu lenu lina mkono mzito, bana."

Mpishi hakucheka. Alimwomba radhi, kisha akatueleza. Mama yake alikuwa kiziwi wa sikio la kushoto. Nyumbani walisema ni homa.

Jioni hiyo nilimwandikia fundi sauti kumuuliza kofi la kipindi cha tano lilitengenezwaje. Alijibu kwa sauti yake, ya mzee mchangamfu: "Ngozi niliiloweka mimi mwenyewe, mwanangu. Ila kipindi cha tano sikuwepo, nililazwa na malaria. Waliingia studio wawili tu, mke na mume, wakarekodi wenyewe."

Mpishi alisikiliza ujumbe huo akiwa amesimama. Jumamosi alileta kipande cha nyama ya paja badala ya ngozi, akakiloweka, akaanza kukipiga kofi jikoni huku kanda ikicheza kando. Alipiga hadi kiganja kikawa chekundu. "Si sawa," alisema. Kisha akajipiga mwenyewe sikioni, kwa nguvu, hata akayumba na kushika jiko.

Niliandika kwamba hilo lilikaribia zaidi.

Aliomba simu yangu ampigie baba yake, akaiweka spika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unakuja lini?"

"Kesho napanda ndege. Baba, nimeusikia ule mchezo wa mwenye bucha. Lile kofi."

Mzee alikohoa kwa muda mrefu. "Siku zile tuliigiza kwa moyo," alisema.

"Sikio la mama liliharibika lini?"

"Njoo kwanza. Mambo ya mama yako hayasemwi kwenye simu."

Mpishi alinirudishia simu. Mlinzi, pua ikiwa imefungwa bandeji, alimshika bega. "Ndugu yangu, kama una hasira usiende. Ahirisha, bana."

"Sina hasira," mpishi alijibu. "Ile ya Jumanne ndiyo ilikuwa hasira."

Jumapili tulimbebea begi hadi kwenye teksi.

Jumatatu asubuhi alituma neno moja: "Nimefika." Tangu hapo namba yake haipatikani. Namba ya baba yake imebaki kwenye simu yangu. Leo ni Alhamisi. Nimeipiga mara nne, mlinzi akiwa amekaa kando yangu akisikiliza. Inaita mpaka inakatika, na hakuna anayeipokea.