Ardwazi Iliyopakwa Mawese

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, enzi zetu kule Fizi, mtoto alikuwa amekwishajificha kichakani, umande magotini. Watoto wetu wa hapa ugenini, Yeoville, saa hiyo ndiyo kwanza wanaweka simu chini.

Kanga, wale ndege wa porini wenye madoadoa, tuliwaita kwa kipande cha ardwazi, kibao cha jiwe tulichoandikia shuleni. Ukikikwaruza kwa kijiti kigumu, kinalia kama kanga jike anayetafuta wenzake, nao wanakuja mbio hadi kwenye wavu. Jumamosi moja Mjomba Bahati alikwaruza, kikatoa pumzi tu. Akakwaruza tena. Kimya. Kesho yake mchungaji angekula kwetu, na mama alikuwa amesema wazi: kanga wasipopatikana, anachinjwa Kapita. Kapita alikuwa jogoo wangu.

Tuliporudi nyumbani tulimkuta mama amefurahi. "Mmeona nilivyokisafisha? Kilikuwa cheupe kwa vumbi, aibu tupu. Nimekiosha kwa sabuni, nikakipaka mawese."

"Dada," mjomba akasema, "umekirembesha kama bwana harusi, sasa kinaona haya kusema."

"Kisiposema, jogoo anasema kila asubuhi. Alipo ninapajua."

Mjomba alisugua ardwazi kwa majivu na maji ya moto mpaka mafuta yakatoka, akaianika juani. Ilipokauka kabisa, akaikwangua kwa jiwe la mchanga, kuelekea upande mmoja tu, mpaka mng'ao wote ukaisha. Ncha ya kijiti nayo akaiparuza, maana vyote viwili vikiwa laini vinateleza tu. Nikanyoosha kidole niguse.

"Toa mkono! Jasho lako nalo ni mafuta."

Jioni, kabla kanga hawajapanda mitini kulala, ardwazi ililia. Wakaja watatu, tukapata wawili. Mama aliwapika kwa mawese yaleyale, na mchungaji akausifu sana usafi wa nyumba yetu.

Siku hizi kanga wanatembea barabarani hapa jirani, Kensington, bila wasiwasi, wanavuka hata robot, taa za kuongozea magari, zikiwa nyekundu, na hakuna anayewaita. Mjomba hayupo tena. Ardwazi sijui iliishia wapi. Nilipoulizia kipande katika maduka ya mjini, walinionyesha tableti, yaani kompyuta kibao. Mwanangu Joel nilimsimulia yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vinang'aa mafuta ya chipsi, kisha akauliza: "Eish, papa, siku nzima kwa ajili ya kanga wawili? Si mngenunua tu kuku?"

Nikavaa viatu, nikaenda sokoni kuuliza bei, maana mtoto akiuliza ajibiwe sawasawa. Jogoo mzima, mwenye sauti: randi mia moja na arobaini. Hizo ndizo tulizookoa kwa kumwacha Kapita hai.