Gambuti Mlangoni kwa Mheshimiwa

Omwenga Nyamweya alitoka Kisii na gunia moja la ndizi. Miaka ishirini baadaye alikuwa na duka kubwa kando ya mashamba ya chai ya Kericho, na wachumaji wengi walivaa gambuti, zile buti ndefu za mpira, alizowauzia. Mashine za kuchuma zilipoanza kunguruma mashambani, wachumaji hao walimchagua katika uchaguzi mdogo awe MCA wao, mjumbe wa bunge la kaunti, akawatetee.

Alikaa bungeni miezi tisa tu iliyosalia ya muhula. Hoja ya kuzitoza mashine ushuru mzito ilipoletwa, siku ya kura ikaangukia siku ambayo lori lake la gambuti lilikuwa linatoka Nairobi. Omwenga hakuwahi kumwachia mtu mzigo wake. Alidhani angeshusha, awahi kura. Hoja ikaanguka kwa kura moja.

"Presha ilinipanda," aliwaambia wachumaji. Wakaamini. Wakamletea uji wa wimbi, wakamwombea siku tatu, naye akaitikia amina.

Huyu hakuwa mwizi. Afadhali angekuwa mwizi. Mwizi tunajua pa kumpeleka.

Mwaka huu barua za kuachishwa kazi zikaja. Siku ya soko, Marcella, mwenyekiti wa akina mama wachumaji, akafika dukani pekupeku, akaweka gambuti zake mlangoni. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, kimya kimya.

"Mama Calvince, zimetoboka?" Omwenga akamwuliza Marcella, akijaribu kucheka.

"Ziko sawa, mheshimiwa. Miguu ndiyo imekosa kazi."

"Lakini kitu kilichovaliwa hakirudishwi dukani."

"Nani amesema anarudisha? Tunaweka tu."

Elmina, mkewe, akamnong'oneza: "Baba Valary, wanajua?"

Marcella akasikia. "Dereva wa lori ameoa kwetu, mama. Ametuambia vile mgonjwa wetu alibeba mabunda mawili mawili, akikataa kusaidiwa."

Omwenga akalishika komeo la mlango, lakini gambuti zilikuwa zimejaa kizingitini, mlango haukufungika. Alitafuta uongo mwingine, akaukosa.

"Nilijua nitarudi kabla ya kura," alisema.

Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli, na lilikuwa limechelewa. Marcella aliketi chini, akiutazama mlango, na wenzake wakaketi naye. Kutoka kambi ya wachumaji, wengine walikuwa bado wanateremka, gambuti mkononi.