Ukili wa Bakar

Bakar wa Wingwi alikuwa akiendesha gari la ng'ombe, mwanamume wa kubeba gunia peke yake. Alipopata kifua kikuu, daktari alimtaka akae chumba cha peke yake mpaka dawa zimkolee. Mkewe, Asma, msukaji mikeka, alikuwa akiweka miyaa yake, majani ya mkindu ya kusukia, humo humo. Kwa upweke Bakar akaanza kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka. Mwanzo ulikuwa ukipinda; baadaye akazua nakshi ya mawimbi mekundu ambayo mimi, niliyesuka tangu usichana wangu, sijapata kuiona.

Kwetu kusuka ni kazi ya wanawake. Akamwapisha mkewe asiseme, na sifa zote zikenda kwa Asma.

Bakar alipona, lakini haya za kusuka zikamweka ndani. Siku moja nilikwenda kwao na jirani yangu Khairat, nikamwomba Asma anifundishe nakshi ile, nimsukie mjukuu wangu mkeka wa harusi. Asma akasuka, akafumua, akasuka tena.

"Shoga, vidole vimelewa?" Khairat akamcheka. "Au mkeka uliununua Chake Chake?"

Machozi yakamlenga Asma.

Pazia la chumbani likafunguka. Bakar akatoka kainamisha kichwa, jasho likimtiririka, akaketi karibu na mkewe akaichukua ile miyaa.

"Bi Rehema, msukaji ni mimi," akaniambia.

Khairat akatazama chini. Vidole vile vinene vikaenda mbio hata nikapotea, mimi ninayesifiwa kijiji kizima.

Nikasogea. "Rudia hapo, mwanangu. Polepole."

Akarudia, lakini uso hakuuinua.