Kinyozi Aliyepandishwa Cheo Kuwa Nyuki

Umma unatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba kinyozi wa pale kona amepandishwa cheo na sasa ni nyuki. Mshahara wa cheo hicho hakuna.

Mambo yalianzia dirishani. Chumba cha kazi ni kimoja: huku kinyozi, kule nyuma ya pazia mkewe, msusi. Dirisha la jua nalo ni moja tu, na kinyozi alilijaza makopo ya rangi yenye miche ya pilipili.

"Baba watoto, nasuka kwa kupapasa," alisema mkewe. "Mwisho wa mwezi nisipoona pilipili hata moja, makopo yako yanaenda jalalani, kiti changu kinakaa hapo."

Kinyozi alimwagilia, akapangusa vumbi la nywele kwenye majani, akaisemesha miche kwa sauti ambayo mkewe hajaisikia tangu enzi za uchumba. Ikatoa maua meupe, tele. Kisha maua yakaanza kupukutika, yakijichanganya na nywele za watu sakafuni. Kinyozi akakosa hamu ya kula.

"Dirisha hulifungui," alisema dereva wa lori, kichwa chake kimenyolewa nusu. "Upepo hauingii, nyuki haingii. Hayo maua atayatikisa nani?"

Kinyozi aligeukia dirisha. Kufungua haiwezekani, nywele zingepeperukia kwa wateja wa mkewe. Akaitazama mashine iliyokuwa ikinguruma mkononi. Akakiacha kichwa cha watu vilevile, akaenda dirishani, akagusisha mgongo wa mashine kwenye shina. Maua yakatetemeka, unga wake ukamwagika.

Msusi akachungulia. "Sasa huko unamnyoa nani?"

"Niache, niko kazini."

"Na mimi je?" akauliza dereva.

"Wewe una maua?"

Tangu hapo wateja walisubiri miche ihudumiwe kwanza. Mwezi ulipokwisha, vipilipili vya kijani vilining'inia kama hereni. Makopo yakapona. Msusi alishindwa kwa kelele za mshindi, akawaonyesha wateja wake wote utadhani vipilipili hivyo kavizaa yeye. Na cha kwanza kilipoiva, chekundu kama rangi ya kucha, alikichuma mwenyewe, akakiweka kwenye sahani ya wageni, watu wamejaa mpaka mlangoni.

"Onja wewe kwanza, baba watoto. Ni jasho lako."

Kinyozi alikung'uta kitambaa cha kunyolea, akaitazama sahani.

"Pilipili mimi sili," akasema. "Inawasha."