Sikio la Bibi Sawae na Gongo Jepesi

Sikio la kushoto la Sawae Morinaga lilibaki kiwandani. Ndivyo anavyosema mwenyewe, kama mtu aliyesahau mwavuli kwenye basi. Alipelekwa huko akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, kusokota nyuzi katika chumba ambamo mashine zilinguruma mpaka wasichana wakazoea kusomana midomo. Alipotoka, miaka mingi baadaye, kiwanda kikiwa kimefungwa na paa lake likianza kuota majani, alikuwa na vitu viwili vya kuonyesha: ukimya wa upande mmoja na gongo la softiboli, ule mchezo wa kupiga mpira na kukimbilia vituo.

Kiwanda kile kilikuwa na timu ya wasichana. Kazi ikiisha walivua vilemba, pamba ikiwa bado imenasa kwenye nyusi, wakakimbilia uwanjani nyuma ya bweni. Sawae alilinda kituo cha pili. Kocha wao alikuwa na desturi ya kuwapa mgongo wakati wanazungusha magongo hewani bila mpira. "Sitaki kuona," alikuwa akisema, "nataka kusikia." Gongo likikata hewa hutoa sauti, na sauti ile ina mahali pake. Ikisikika nyuma ya bega, nguvu imemwagika njiani kabla mpira haujafika. Ikisikika mbele, pale goti la mbele linapokaza, hapo ndipo mpira unapokutana na kitu. Sawae alijua kusikiliza gongo kabla hajajua kupika wali ukaiva vizuri.

Kisha akaolewa na mkulima wa nyasi za kufumia mikeka ya tatami, akahamia kwenye tambarare ambako mashamba ni kijani mpaka macho yanachoka. Mume alitangulia. Sawae akabaki na mashine ya kufumia mikeka kwenye banda, binti yake Kaori anayekwenda kazini mjini na kurudi jioni, na mjukuu, Mizuki, mwenye miaka kumi na mmoja. Kila jioni kabla ya chakula Mizuki alisimama uani na gongo lake la kitoto akipiga hewa. Sawae alizima mashine, akageuza sikio la kulia kuelekea mlangoni, akasikiliza. Fyuu. Fyuu. Katika nyumba ile hakukuwa na muziki mwingine alioutaka.

Majira ya baridi ya mwaka huo Mizuki alirefuka kama mwanzi baada ya mvua. Mikono ya sweta ikaishia kwenye viwiko. Majirani walipomwona walimwuliza Kaori anamlisha nini. Majira ya kuchipua yalipofika, Sawae alifungua kabati, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha zambarau, akakiweka juu ya mkeka mbele ya mjukuu wake. Lilikuwa gongo la kiwandani, jina la timu limefutika nusu karibu na mpini.

"Sasa umelifikia," alisema.

Mizuki alilipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Lile la kitoto walimpa msichana mdogo wa jirani.

Na tangu jioni ile, sauti ikapotea.

Mwanzoni Sawae alidhani ni upepo wa mashambani. Baadaye, akiwa peke yake bandani, hofu ilimwingia polepole kama maji yanavyoingia kwenye mkeka: sikio la kulia nalo linafunga virago. Hakumwambia mtu. Aliongeza sauti ya televisheni mpaka Kaori akalalamika kwamba wanasikilizwa na kijiji kizima. Mwishowe akapanda treni peke yake kwenda kwa daktari wa masikio. Daktari alichungulia, akamvalisha vidude, akamfanya abonyeze kitufe kila anaposikia mlio.

"Mama, sikio hili ni zima kabisa," alimwambia. "Ungeniletea sikio peke yake ningesema ni la mwanao."

Sawae alitoka amenuna. "Mwenyewe hajaota hata ndevu," alimwambia mwanamke aliyekaa karibu naye kwenye treni. "Atajua nini habari za kuzeeka?"

Siku hizo, uwanjani, Mizuki alikuwa akishuka. Alikuwa mpigaji wa nne, nafasi ya wenye nguvu. Kocha Tokunaga, ambaye siku za kazi anauza tofu, alimsogeza chini, akamsogeza tena, na Jumapili moja akamkalisha benchi mchezo mzima. Jioni ile mezani Mizuki alichezea wali wake, halafu akasema kwamba akiingia sekondari huenda atajiunga na bendi ya shule.

"Bendi?" Kaori alishangaa. "Upige nini?"

"Filimbi. Filimbi ni nyepesi."

Neno lile Sawae alilisikia barabara, lakini alisikia nusu yake tu. Alichosikia ni kwamba softiboli inatoka nyumbani mwake. Kaori hakuwahi kuipenda, alichukia jua. Huyu ndiye aliyekuwa amebaki. Usiku kucha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, aliota wasichana wa kiwandani wakifungua midomo na yeye hawezi kuisoma.

Jumamosi iliyofuata Sawae alikuwa bandani akifungua tita la nyasi. Nje Mizuki alikuwa anafagia. Kunguru akatua kwenye miche ya nyanya, na Mizuki akatupa ufagio, akang'oa ufito wa mwanzi uliokuwa unashikilia mche mmoja, akauzungusha kumfukuza.

Fyuu!

Sawae alisimama na nyasi mkononi.

"Rudia!"

"Nirudie nini, Bibi? Hata sijamgusa!"

"Achana na kunguru. Zungusha tena."

Fyuu. Safi, kali, mbele kabisa ya goti.

"Sasa kalete gongo."

Mizuki alienda akalileta, akasimama, akazungusha. Kilichosikika kilikuwa pumzi nzito nyuma ya bega, kama mzee anayekaa kitini. Halafu mwanzi tena: fyuu. Halafu gongo: pumzi ya mzee. Sawae alikaa chini juu ya tita la nyasi, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni.

"Sikio langu zima! Yule kijana alisema kweli, na mimi nikamtukana treni nzima!"

"Kijana gani? Bibi, uko sawa?"

"Niko sawa kuliko jana. Njoo hapa. Gongo hili ni zito?"

Mizuki alitazama kandambili zake. "Siyo zito sana."

"Nyoosha mkono pembeni. Lishike hivyo, mkono mmoja."

Mkono mrefu ulinyooka. Gongo likatulia kidogo, likaanza kutetemeka, kisha ncha yake ikashuka taratibu kama mkia wa mbwa aliyekemewa.

"Na hukusema."

"Ningesemaje? Ni la kiwandani kwako. Ulikuwa umelifunga kwenye kile kitambaa."

Sawae alimtazama: shingo ndefu, magoti makubwa kuliko mapaja, mabega ambayo bado yalikuwa ya mtoto yamewekwa juu ya mwili wa mtu mwingine. Alikuwa amemwona akirefuka, akadhani nguvu nazo zimefika kwa treni ileile.

"Mifupa yako imetangulia," alisema. "Nyama bado iko njiani. Haya, vaa viatu. Tunaenda kwa Matsuzaki."

Matsuzaki anauza vifaa vya michezo katika mtaa wa maduka ambao nusu ya milango yake haifunguliwi tena. Utotoni alikuwa akining'inia kwenye uzio wa kiwanda kuwatazama wasichana wakicheza, na mpaka leo hajakoma kumtania Sawae.

"Dada Sawae! Unarudi uwanjani? Umeyauliza magoti?"

"Magoti yangu yana hali nzuri kuliko nywele zako. Zilienda wapi? Nilete nyingine?"

Matsuzaki alipapasa upara wake akicheka, akampima Mizuki kwa macho kuanzia chini hadi juu, akachomoa gongo refu jeusi. "Kwa urefu huu, hili hapa."

"Lirudishe. Hata mimi nilifikiri hivyo."

Walitoka uchochoroni nyuma ya duka, magongo yakiwa yameegemezwa ukutani. Sawae aliwapa mgongo, akakabili ukuta, akatega sikio la kulia.

"Anza."

Mizuki alizungusha.

"Hapana. Jingine... Hapana. Hilo nalo limechoka kabla halijaanza."

"Jamani, hata kuangalia huangalii!" Matsuzaki alilalamika. "Hili lina mpini mzuri, rangi nzuri..."

"Nyamaza kidogo, Matsuzaki. Unanizibia."

Fyuu.

Sawae aliinamisha kichwa, sikio la kulia juu. Hata feni ya mgahawa wa jirani ilionekana kusubiri.

"Rudia."

Fyuu. Mbele ya goti.

"Hilo."

Matsuzaki alikohoa. Lilikuwa jepesi kuliko yote yaliyokuwa ukutani, la aina anayowauzia wasichana wa madarasa ya chini. Mizuki alimsogelea bibi yake, akamnong'oneza sikio la kushoto, akakumbuka, akahamia la kulia.

"Bibi, ni la waridi. Kama ile keki ya samaki tunayokatia kwenye supu. Watanicheka."

"Mimi sisikii rangi. Wache wacheke, mpira utakapowapita watanyamaza."

Njiani kurudi Mizuki alibeba gongo jipya begani, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na lako, Bibi?"

"Langu lina kazi."

Kazi yenyewe ni mlango wa banda, wa kusukuma pembeni, ambao upepo wa mashambani huufungua ovyo. Sawae alililaza gongo la kiwandani kwenye reli ya chini ya mlango, likaenea kana kwamba lilipimwa. Kila asubuhi kabla ya shule Mizuki hulitoa, hunyoosha mkono pembeni, hutazama ncha ikishuka. "Bado," humwambia bibi yake, na hulirudisha mahali pake bila huzuni yoyote.

Jumapili, kwenye uwanja ulio kando ya tuta la mto, Kocha Tokunaga alimwita Mizuki mchezo ukielekea mwisho. Wasichana wa upande wa pili waliliona gongo.

"Jamani, keki ya samaki! Kaleta chakula chake cha mchana!"

"Usiliume, dada, litavunjika!"

Mizuki aliweka miguu yake. Sawae, aliyekaa kando ya uwanja na chai yake ya shayiri, alifumba macho.

Fyuu, na papo hapo, ka!

Alifumbua macho. Mpira ulienda umenyooka kama uzi kwenye mashine, ukazama ndani ya glovu ya msichana aliyekuwa kati ya kituo cha pili na cha tatu. Msichana yule alianguka kwa makalio, akaitazama glovu yake kama mtu aliyekuta ndege ndani ya kofia. Mpira umedakwa kabla haujagusa chini, Mizuki ametoka. Benchi zima likasema aaah.

Lakini Mizuki alirudi akikimbia, meno yote nje.

"Bibi! Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wapi?"

"Mbele ya goti."

Kocha Tokunaga alikuna shingo, akageukia karatasi yake ya wachezaji, akaanza kulifuta jina la Mizuki ili aliandike juu zaidi.

Jioni ile Kaori alikuwa anapakua supu. "Nimekutana na mwalimu wa muziki," alisema. "Anasema filimbi zipo za kuazima mpaka ujue kama unaipenda bendi."

Mizuki alikuwa na tonge la wali mdomoni, na gongo la waridi limelala kando ya mto wake wa kukalia. Alitafuna, akameza, akamtazama mama yake kwa mshangao wa kweli.

"Bendi gani?"