Safari yangu ya baiskeli Bilele hadi Buganguzi, na nilichotumwa kwenda kukiangalia

Wakuu, nawasalimu wote, mlioko mjini na mlioko vijijini.

Kuna vijana humu walikuwa wanaulizana route za kuendesha baiskeli zisizo na magari. Nimesoma michango yao, nikakumbuka barabara moja ya milimani ambayo niliiendesha kwenda na kurudi bila kupishana na gari. Naisimulia kama ilivyokuwa. Mahali nilipokosea nitasema nilikosea, sitazunguka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha lakini mafuta yalikuwa bado ya shida, na Jumapili baada ya saa nane mchana magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea. Kwa mwendesha baiskeli, Kagera ya wakati ule ilikuwa pepo. Unasikia mnyororo wako, unasikia ndege, basi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikaa mjini, mtaa wa Bilele, mimi, mama na kaka yangu Deus. Niliuza katika duka la Bwana Hirji, mmoja wa Wahindi wachache waliokuwa wamebaki mjini. Baiskeli ilikuwa yake: nyeusi, ya Kichina, nzito kama ng'ombe, breki za vyuma. Aliniazima kwa sharti moja, nimrudishie ikiwa imefutwa. Mipira ya ndani haikupatikana madukani, kwa hiyo ule wa nyuma ulikuwa na viraka vingi kuliko mpira wenyewe.

Mtaani walinicheka.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Natembea tu."

"Na jasho lote hilo?"

Nilizoeleka hivyo. Mtu akiniona Kemondo au Rubafu hakushangaa. Ndiyo maana nilitumwa mimi.

Deus alikuwa amenizidi miaka minane. Alifanya biashara ya kuvuka mpaka, wiki huku, wiki kule. Alikuwa amepata mchumba Buganguzi, wilaya ya Muleba, binti anayeitwa Kemilembe. Nyumbani tulianza kumwita Kemi kabla hatujamwona. Kilichobaki ilikuwa barua ya posa.

Sasa, kwa msiokuwa wa kwetu. Kabla ya barua kwenda, upande wa mume hutuma mtu akaangalie kimyakimya ile nyumba ikoje. Zamani waliangalia kama ni watu wa ugomvi, kama ni wavivu. Miaka ile swali lilibaki moja. Ulikuwepo ugonjwa huu wa UKIMWI, ambao wengi walikuwa bado wanauita Juliana, jina la nguo za magendo zilizotoka ng'ambo. Hakuna aliyeuliza kwa mdomo. Lakini sisi Wahaya tunazika nyumbani, ndani ya kibanja, katikati ya migomba inayozunguka nyumba. Anayetaka kujua nyumba imepatwa na nini anatazama migombani.

Ijumaa jioni mama aliniita. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua uso.

"Wewe si unapenda kuzunguka? Kesho zunguka hadi Buganguzi."

"Mama, kule ni mbali."

"Juzi ulikwenda Rubafu ukarudi, na hakuna aliyekutuma."

Akatumbukiza ndizi iliyomenywa ndani ya sufuria.

"Ukifika, omba maji ya kunywa. Wakiingia ndani kuyachota, angalia migombani. Makaburi yenye udongo mpya. Usiulize kitu."

"Deus anajua?"

"Deus anaoa. Kujua ni kazi yangu mimi."

Niliondoka Jumamosi alfajiri, nimefunga pampu na kitambaa cha chakula kwenye kariya. Hadi Kemondo nilipishana na malori mawili ya samaki. Muhutwe nikaacha barabara kuu na kuanza kupanda. Pale huendeshi. Unashuka, unasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye tandiko, na kila kona unadhani ni ya mwisho.

Nilipofika juu nilikaa kwenye jiwe nikangoja moyo utulie.

Wakuu, mbele yangu kulikuwa na bonde la juu, limelala kati ya vilima viwili virefu. Ukungu ulikuwa unainuka taratibu, kama mtu anayevua shuka. Chini ya ukungu ilitokea rweya, majani mafupi ya malisho, kijani kinachoelekea dhahabu, na katikati yake barabara nyekundu isiyo na alama ya tairi la gari. Mvua ilikuwa imeiosha na jua limeikausha, imekuwa ngumu na laini kama sakafu ya udongo iliyosiribwa. Upepo ulikuja na harufu ya maua ya mibuni. Nilipanda baiskeli na kwa muda mrefu sikukanyaga pedali hata mara moja. Niliachia tu. Nimeendesha kwingi tangu siku hiyo na sijapata tena mwendo ule.

Ila nilishuka kwenye baiskeli mara tano.

Ukipita kwenye nyumba yenye matanga huendeshi. Unashuka, unavua kofia, unasukuma baiskeli polepole mpaka umeipita nyumba. Unaijua kwa moto unaofuka uani na wanaume waliokaa kimya juu ya majani ya migomba. Nyumba ya kwanza nilishuka. Mwendo mfupi, nyingine. Mzee mmoja aliniinulia mkono, nikamwamkia, "Kampile waitu," akaitikia bila kuniangalia usoni. Barabara haikuwa na gari, haikuwa na shimo, na bado sikuweza kwenda haraka.

Nilifika Buganguzi kama saa sita mchana. Niliulizia nyumba, nikaonyeshwa.

Kemi alikuwa uani anageuza kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka. Hakuwa mrefu. Macho yake yalimtazama mtu moja kwa moja. Alinikaribisha, akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama inavyompasa mgeni. Mama yake, alisema, alikuwa msibani kwa jirani.

Nikatafuna. Nikajikohoza. Nikaomba maji ya kunywa.

Alitazama baiskeli, akatazama vumbi kwenye miguu yangu, kisha uso wangu, ambao kila mtu husema ni uso wa Deus.

"Umetoka mjini?"

"Ndiyo. Bilele."

"Umetoka Bilele kuja kunywa maji Buganguzi? Ziwa limekauka?"

Nilicheka kwa sababu sikujua la kufanya. Yeye pia alicheka kidogo, kisha akaacha. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Inuka, twende migombani. Nikuonyeshe mwenyewe, usije ukahesabu vibaya."

Nilimfuata. Yalikuwa manne, yamepangwa kwa mstari chini ya migomba, yamefagiliwa.

"Huyu ni babu. Uzee, mimi nilikuwa mdogo. Huyu ni baba. Alikwenda vitani na mgambo, akarudi na jeraha la mguu ambalo halikupona, akafa mwaka juzi. Huyu ni bibi, alimfuata mwanawe baada ya miezi mitatu. Alikataa kula."

Akasimama kwenye la nne.

"Na huyu ni kaka yangu, mwaka jana. Huyu ndiye uliyemfuata. Alikuwa na Juliana. Nilimwosha mimi, nilimlisha mimi, na simfichi mtu."

Akainama, akaokota jani kavu juu ya kaburi.

"Kamwambie mama yako hivyo hivyo, mmoja mmoja. Usimpelekee hesabu tupu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema umesikia nini."

Nikarudia, kama mtoto wa shule: babu, uzee, baba, jeraha la vita, bibi, huzuni, kaka, Juliana. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaniletea ndizi na maharage, akakaa kuniangalia nikila, akaniuliza kama kweli Deus hukoroma. Nilimwambia hukoroma kama mashine ya kusaga. Akasema, "Nitanunua pamba za masikio." Alisema kwa utani, lakini niliona ameshamweka Deus ndani ya nyumba.

Jioni nililala Muhutwe kwa rafiki wa mama. Jumapili niliteremka taratibu kando ya ziwa, nikiyarudia yale maneno manne kwa kufuata mzunguko wa pedali. Nilikuwa nayo yote. Nilipoingia Bilele saa nane ilikuwa imepita, barabara ni nyeupe, mji mzima kama umeachwa kwa ajili yangu.

Mama alikuwa mlangoni.

"Mangapi?"

"Manne. Lakini mama..."

"Mapya?"

"Matatu. Mama, yule baba yao..."

"Nimekuuliza baba yao?"

Nikamtazama.

"Kaoge. Unanuka jasho."

Nikaenda kuoga.

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu, na naomba msinitetee. Mama hakunifunga mdomo wala kunitishia. Aliniambia nikaoge, nami nilikuwa nimechoka, miguu inawaka, maji yalikuwa ndooni. Nilijiambia nitamweleza wakati wa kula. Wakati wa kula Deus alikuwepo. Kesho yake nilikwenda dukani. Baada ya siku mbili ujumbe ulikuwa umeshapelekwa kwa mshenga kwamba barua haitakuja.

Deus alipoambiwa alisema tu, "Sawa, mama." Kisha akanigeukia mimi.

"Barabara ya kule ikoje?"

"Nzuri. Haina magari."

Akatikisa kichwa, akatoka nje. Nilidhani hakumpenda sana yule binti. Sikujua kwamba wakati ule alikuwa ameshaanza kuamka mashuka yamelowa jasho.

Alifariki miaka miwili baadaye, kwa ugonjwa uleule. Tulimzika kijijini kwetu Rubafu, kwenye kibanja cha marehemu baba.

Siku ya tatu ya matanga Kemi alikuja. Alifika na kikundi cha wanawake, amebeba ndizi kichwani kama wengine, akazitua jikoni. Hakuna aliyemtambua isipokuwa mimi. Mama alimshukuru bila kujua anamshukuru nani. Nilimfuata nyuma ya nyumba.

"Kemi, yale maneno uliyonipa sikuyafikisha."

Hakushtuka.

"Ulifikisha nini?"

"Hesabu."

Alikaza kanga kiunoni. Wanawake walikuwa wanaimba upande wa pili.

"Nilingoja barua miezi saba," alisema. "Nikawa najilaumu mwenyewe. Nikasema ni kwa sababu nilikuonyesha. Ningekupa maji ukanywa ukaenda, pengine ningeolewa."

Kisha akanipa mkono.

"Pole na msiba, shemeji."

Akarudi jikoni kumenya ndizi.

Niliowahi kuwasimulia huniambia kwamba kimya changu kilimwokoa, kwa sababu angeolewa na Deus angekuwa mjane, au angekuwa marehemu. Inawezekana. Lakini sikunyamaza ili kumwokoa, sikuwa najua lolote. Nilinyamaza kwa uchovu na kwa kumwogopa mama, na kwa miezi saba binti wa watu aliamini kwamba ukweli wake ndio uliomharibia. Siwezi kuchukua sifa ya jambo ambalo sikulikusudia.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitumwa kuangalia nyumba ya mtu, na mwenye nyumba akakupa maneno, umetumwa mara mbili. Yafikishe hata kama anayeyapokea amekugeuzia mgongo, hata kama unanuka jasho.

Nyie vijana wa baiskeli, bonde lile bado lipo, nendeni mkalione. Na kama humu yupo aliyewahi kutumwa namna hii, au nyumba yake ikatumiwa mtu wa kuja kuomba maji, aandike hapa chini. Nitasoma kila comment.