T Isiyo na Kofia

Kwa miaka ishirini na miwili, wanawake wa kamati ya kijiji kimoja cha kisiwa cha Savaii, huko Samoa, walimchagua mwenyekiti kwa kunyoosha mikono, na mwenyekiti alikuwa Fuatino tu, mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Mwaka huu mke wa mchungaji akasema ipigwe kura ya siri, kila mtu aandike jina kwenye karatasi. Fuatino alicheka moyoni. Siri gani? Wote kumi na watatu waliokuwa wameketi mikekani, yeye ndiye aliyewashika mkono wakajifunza kuandika. Mtu hunenepa, hung'oka meno, lakini herufi zake za utotoni hubaki vilevile.

Yeye mwenyewe aliandika jina la Sieni, mpinzani wake, maana kujipigia kura ni kukosa haya. Kisha, kwa kuwa mke wa mchungaji alisahau miwani nyumbani, Fuatino akapewa kazi ya kusoma.

Sieni. Sieni. Sieni. Kufika ya nne, aliutambua mwandiko. Ile S yenye tumbo kubwa ilikuwa ya Losivale, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye asubuhi ileile alikula naye magimbi sahani moja. Loh! Hata Losivale? Alitamani ardhi immeze. Aliendelea kusoma mpaka karatasi ya mwisho kabisa: Fuatino. Kura moja.

Losivale akaangua kicheko. "Ee dada! Umejipigia mwenyewe?"

"Uchu wa kiti huo!" mwingine akadakia, na nyumba nzima ikacheka.

Fuatino alikuwa ameikodolea macho t ya jina lake. Mstari wa juu haukugusa shina. Ulielea kando kama kofia iliyopeperushwa na upepo. Mtu mmoja tu aliandika t hivyo, na aliwahi kuchapwa rula kwa ajili yake: Moelagi. Moelagi, ambaye alikuwa hajasemezana naye kwa miaka tisa, tangu siku Fuatino alipoukataa mkeka wake mbele ya watu, kamati ilipokagua mikeka iliyosukwa na wanawake!

Neno moja tu lingemsafisha. Lakini Moelagi alikuwa ameinamisha kichwa, na siri ile ilikuwa yake.

"Ndiyo," Fuatino alisema. "Nimejipigia." Kicheko kikazidi.

Nje alimkuta Moelagi akitafuta kandambili zake, akashindwa kujizuia. "Wewe, t yako mpaka leo haina kofia."

Moelagi alishtuka, akabaki na kandambili moja mkononi. "Rula yako haikusaidia kitu, mwalimu."

"Lakini kwa nini mimi? Baada ya ule mkeka?"

"Mkeka wenyewe ulikuwa mbovu," Moelagi alisema. "Hawa wote waliusifu, halafu wakaenda kunisengenya kwenye bwawa la kuogea. Wewe uliniambia usoni."